Kufuli la Duka Kuukuu Tabora

Sikuondoka Igunga kwa kupenda. Kikundi chetu cha mafundi cherehani na wasuka vikapu kiliomba ghala la pamba lililokaa tupu miaka mingi, tupate pa kufanyia kazi na kuwafundisha mabinti walioacha shule. Mtendaji wa kata akatujibu, "Leteni mfano. Wapi wamefanya hivyo?" Tabora wapo, nikatumwa mimi, kwa kuwa Bi Tatu, mfinyanzi wa huko, ni binamu yangu.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kwenye basi. Likakaa stendi saa nzima likingoja abiria wa mwisho. Kila akipatikana, anatafutwa mwingine. Nzega tukahamishiwa basi jingine bila maelezo.

Saa saba mchana, Tabora. Bi Tatu alinipokea nje ya duka la zamani lenye bati jipya na chokaa safi. Mlangoni, kufuli kama ngumi.

"Karibu," alisema. "Mfano wenyewe ndio huo. Umefungwa."

Mwenye jengo, Mzee Karim, alihamishia biashara yake sokoni, akawaachia mafundi sita jengo hilo kwa kodi ndogo. Makubaliano yalikuwa ya mdomo. Wakaziba paa, wakafukuza popo, wakazoa mavi ya popo hao. Jengo lilipopendeza, mpwa wa mzee akaja kutoka Dar, akalifunga ili apangishe wauza simu. Vyungu vibichi vya Bi Tatu vilikuwa na siku nne humo ndani, bila wa kuvifunika visikauke haraka.

"Umemwona mzee?"

"Naona haya. Alitusaidia."

Alinichosha. Nimetoka Igunga kuja kutazama kufuli?

Alasiri nilimkokota hadi sokoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmefuata ufunguo." Alishusha macho. "Kijana anasema nimegawa mali yangu."

"Ulipowapa ilikuwa mali?" nikauliza. "Si ilikuwa nyumba ya popo?"

Bi Tatu alinikanyaga mguu. Mzee akavuta droo, akatoa ufunguo, akaja nasi mwenyewe.

Ndani, vyungu vilikuwa vimepasuka vyote isipokuwa viwili. Mzee alivitazama, kisha akainua macho kwenye dari waliyoitengeneza. Hakuomba radhi. Aliomba karatasi, akaandika mkataba wa miaka mitano, akatia saini. Bi Tatu alilia. Sikujua analilia vyungu au karatasi.

Kesho yake nilirudi Igunga na nakala. Mtendaji aliisoma mara mbili.

"Mfano mzuri," akasema. "Ila huu ni wa mjini. Hakuna wa huku kwetu?"

Nilikaa kitini bila kualikwa. Nikamwambia hatutapigilia hata msumari mmoja kabla hajatuandikia. Hajaandika bado, na bado tunashonea barazani, mvua ikija tunakimbiza vitambaa. Lakini sitamwacha apumue, maana Tabora imenifunza: jengo bovu halina mwenyewe, lipake chokaa, utawajua wenyewe wote.