Nimekaa Nakuru kwa Wajaluo wasiopika samaki, mpaka nilipowaletea mimi

Wakuu, nawasalimu wote, wa jukwaani na wanaopita tu kusoma.

Hii si chai. Sina sababu ya kutunga, na sehemu nyingine ningependa zisiwe kweli. Kuna mama mmoja Nakuru alinipokea kama mwanawe, nami nikaingiza jikoni kwake kitu ambacho kilikaribia kumvunja. Nawasimulia ilivyokuwa.

Mimi ni mtu wa Mwanza, fundi wa majokofu makubwa. Ofisi ilinituma Kenya kufunga cold room ya maziwa upande wa Njoro. Fundi mwenzangu wa kule, Odhiambo, akakataa nilale gesti. Akanipeleka kwa wazazi wake, mtaa wa Rhonda, pale Nakuru mjini.

Baba yake ni Mzee Ouma, mpole, maneno machache. Mama yake wote pale mtaani wanamwita Mama Atieno. Huyo Atieno sikumkuta, nikadhani tu ameolewa mbali.

Niwaambie kidogo kuhusu maisha ya kule. Kwanza baridi. Asubuhi unaosha uso unajiuliza umekosa nini. Pili chai. Majani, maji na maziwa vinachemshwa pamoja mpaka vinakuwa kama uji, na unakunywa asubuhi, saa nne, jioni, na mgeni akija. Wali wanauita mchele hata ukiwa umeiva uko kwenye sahani, nikawatania sana kwa hilo. Ugali wao unakatwa kwa kisu. Mama Atieno alikuwa anapika mboga za kienyeji zenye uchungu, anazilaza kwenye maziwa, wakuu, nilikuwa nafuta sahani kwa tonge la mwisho.

Ila kulikuwa na kitu kinanikereketa. Samaki hakuna.

Wajaluo, wakuu. Watu ambao kwetu ziwani tunawajua kwa samaki. Siku zikapita ni mboga, maharage, mayai, nyama Jumapili. Hata dagaa, ambao wao wanawaita omena, hawakupita mlangoni. Siku moja nikamtania mama kwamba nimeletwa kwa Wajaluo feki. Hakucheka. Aliendelea kukoroga sufuria, kisha akaniuliza kama nimeshiba.

Kitu kingine. Kila Jumamosi asubuhi Mzee Ouma alikuwa anashika kijiti na nyundo, anatoka. Nikaomba kumsindikiza.

Tulishuka mpaka ziwani. Miaka ya karibuni ziwa la pale lilipanda, likala mashamba na nyumba za watu, na halijarudi. Nilikuwa nimesikia, lakini kusikia si kuona. Mapaa ya bati yametokeza juu ya maji. Tenki la maji limesimama peke yake. Nguzo za umeme zinaingia ziwani zikifuatana, na juu ya kila moja kuna ndege. Miti imekufa imesimama, myeupe.

Ukingoni kulikuwa na vijiti vingi vimepigiliwa vya kupimia maji yamefika wapi, kila familia na chake. Mzee alichunguza chake, akaona maji yamekipita, akapigilia kipya nyuma kidogo.

Kilichonishtua ni jinsi watu wanavyozungumza pale. Hakuna aliyesema "nyumba yetu ilikuwa pale." Mama mmoja aliyekuja na kijiti chake akanionyesha kwa kidole, "Jikoni yangu ni hapo ndege amekaa." Mzee naye akaniambia, "Kwangu ni ile bati nyekundu. Nyuma yake kuna avocado." Nikatazama. Kilichoonekana ni matawi makavu matatu manne juu ya maji.

Jumamosi iliyofuata mzee alikuwa na mafua. Nikasema niende mwenyewe nikamwangalizie kijiti. Nilipofika, nikakuta jamaa mtu mzima mwenye kofia ya sufu, ana kaboti kadogo ka mbao na beseni la sato. Wakuu, sijui niwaelezeje. Wiki kadhaa bila samaki, mtu wa Mwanza. Nikamwambia nataka wakubwa.

Akaniangalia. "Wakubwa wako kwa nyumba, boss. Panda twende."

Nikapanda. Mimi mitumbwi nimeizoea tangu utoto, lakini ule ulinitoa jasho. Tulipita juu ya barabara. Nilijua ni barabara kwa sababu kulikuwa na kibao cha duka kinachungulia. Maji yametulia kabisa. Dirisha moja lilikuwa bado na pazia, liko chini ya maji, linapepea polepole.

Akaniambia samaki wanapenda kukaa ndani, kuna kivuli. Kwa hiyo nyavu anazifunga milangoni.

Tukafika kwenye lile bati jekundu la Mzee Ouma. Akaweka kasia chini. Kisha akapiga hodi.

"Hodi hapa," akasema, sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyekuja kuazima chumvi. Akangoja. Nami bila kutaka nikajikuta nasikiliza. Maji yakagonga bati mara moja, ndani, halafu kimya. Ndipo akavuta wavu.

Nikacheka, cheko la woga. Nikamuuliza anamwita nani.

"Nyumba ni ya watu, boss. Huwezi ingia tu."

Wavu wa pili ulikuwa umefungwa kwenye ule mti wa nyuma. Pale hakupiga hodi. Alivua kofia, akaiweka magotini, akavuta taratibu. Sato waliotoka pale walikuwa wanene sijawahi kuona. Nilitaka kumuuliza kofia ameivulia nini, lakini tamaa ya samaki mnaijua wenyewe. Nikabeba.

Nilirudi nimejaa furaha. Nikawamwaga kwenye karai jikoni, mbele ya Mama Atieno. Odhiambo alikuwa mlangoni, nikamwona anabadilika uso.

Mama akauliza, "Umetoa wapi?"

"Ziwani, mama."

"Upande gani?"

Nami mjinga, nikidhani namfurahisha, nikasema, "Kwenu kabisa. Mvuvi amenipeleka mpaka nyuma ya nyumba, kwenye mwavokado."

Alikaa kwenye kigoda.

Odhiambo akanivuta nje. Ndipo nikajua Atieno hakuolewa popote. Alikuwa dada yake mkubwa, aliugua akafa akiwa bado shule. Wajaluo wengi hurudisha maiti kwao magharibi, lakini babu yao aliletwa Nakuru na kazi ya reli, huko magharibi hawana tena kipande cha ardhi. Kwao palikuwa pale. Wakamzika chini ya mwavokado. Maji yalipoanza kuja, kila mtu alisema yatarudi. Yalipofika mtini, muda wa kumhamisha ulikuwa umeisha. Tangu hapo hakuna samaki ndani ya nyumba ile.

Wakuu, nilitaka ardhi inimeze. Nikarudi jikoni nimwombe radhi, nichukue lile karai nikamwage mbali.

Alikuwa bado amekaa, anawaangalia wale samaki. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza, "Huyo mtu alipiga hodi?"

Nikasema, "Alipiga, mama."

"Na kwa mti?"

"Kwa mti alivua kofia."

Nilisikia kijiko cha mzee kikizunguka kwenye kikombe sebuleni, kikakoma.

Kisha akanyoosha mkono. "Nipatie kisu."

Akawaparua magamba mwenyewe, machozi yanashuka, hayafuti. Akawapika kwa nyanya. Tukala sote wanne. Yeye alikula polepole sana, mpaka kichwa. Tulipomaliza akakusanya miiba yote, hata ya sahani yangu, akaiweka kwenye bakuli na kulifunika.

Asubuhi bakuli lilikuwa tupu, limeoshwa, limepinduliwa dirishani. Gambuti za mama zilikuwa mlangoni na tope la ziwani, bado bichi. Odhiambo aliniambia mama alikuwa hajakanyaga ukingo ule tangu maji yapande.

Nilichojifunza: ukiwa ugenini ukaona watu hawali kitu ambacho walipaswa kukila, usitanie, uliza kwa adabu, au nyamaza. Kama nilimuumiza yule mama au nilimpelekea alichokuwa anakingoja, sijui. Wenye uelewa nifungueni macho, hasa mliokaa kando ya maji yaliyopanda.

Nipo Mwanza sasa. Sato bado nanunua. Ila kabla sijamtia kisu huwa napiga hodi kwa sauti ya chini, na mke wangu ameacha kuniuliza naongea na nani.