Sifuri ya Karatasi ya Maarifa

Nina mdomo, najijua. Mama yangu kule Kondoa alikuwa akisema nilizaliwa nagomba, na wa kwanza kugombezwa alikuwa mkunga. Kwa hiyo nikisema kuna mwaka ulionifundisha kunyamaza, wanaonifahamu hucheka. Wacheke tu. Katika miaka yote niliyoshika chaki, huo ndio mwaka ninaomshukuru Mungu kwa ajili yake mpaka leo.

Ilikuwa enzi za ruksa, mitumba imejaa gulioni na walimu sote tunauza kitu ili mwezi uishe. Mimi nilikuwa nauza maandazi. Nilifundisha darasa la saba katika kijiji cha Wagogo, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Mvumi, shule isiyo na madirisha, vumbi linaingia bila hodi. Miaka mingi shule ile ilikuwa haijapeleka mtoto sekondari hata mmoja. Mwaka ule nilikuwa na binti mmoja ambaye, wallahi, hata mimi alinitia hofu kwa akili. Nikikosea hesabu ubaoni, ananisubiri niione mwenyewe, haninyooshei kidole mbele ya wenzake.

Zilipobaki wiki chache kabla ya mtihani wa taifa, tukafanya wa majaribio. Karatasi ya Maarifa ilikuwa ya kuchagua herufi ya jibu. Yule binti akapata sifuri. Sifuri! Nilipanda mori. Nikamwita mbele, nikamchapa viboko vinne, nikamwambia ameanza kuota mapembe. Hakulia, hakujitetea, akarudi kukaa.

Mchana nikazipitia tena karatasi zile. Kuna kijana wangu mmoja aliyesinzia mtihani mzima, naye alikuwa amepata tisa kwa kubahatisha. Anayebahatisha hakosi kuangukia jibu moja moja. Kukosa yote, kuanzia swali la kwanza mpaka la mwisho, lazima uwe unayajua majibu yote halafu uyakwepe. Nilikuwa nimemchapa mtoto aliyejua kila kitu.

Nikadhani nimeshajua cha kufanya. Siku zile kila mwalimu wa vijijini alijua mchezo huu: mzazi anamwambia mtoto ajifelishe, ili abaki achunge au aolewe. Nikajifunga kanga, huyoo, mpaka kwao. Nikamkuta baba yake anaziba zizi kwa miiba. Hata shikamoo sikumpa. Nilimwaga yote: kwamba anamuuza mwanawe, kwamba ng'ombe wamemwingia kichwani, kwamba nitampeleka kwa mtendaji wa kijiji. Mzee wa watu akaweka mti wa miiba chini, akanitazama.

"Mwalimu," akasema taratibu, "mimi nimeuza mbuzi mtoto apate sare. Nimwambie afeli kwa nini?"

Kisha akaniashiria uani.

Mama mtu alikuwa amekaa kwenye kigoda, uso juu kwenye mwanga, na binti amemwinamia na kibano kidogo cha chuma. Alikuwa anamng'oa kope, moja moja. Mama alikuwa na vikope. Kope zake zimegeukia ndani zinamkwaruza mboni, na zikiota tu hawezi kufumbua macho. Kila siku alfajiri na jioni binti ndiye aliyezing'oa. Wadogo zake walikuwa wachanga, baba mikono yake migumu. Akifaulu anakwenda bweni, na mama atabaki gizani. Hakuna aliyemtuma. Alikata shauri mwenyewe, akakaa kimya, akala viboko vyangu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimwomba radhi baba yake, nikamwamkia upya, nikamwomba radhi na mtoto palepale mbele ya wazazi wake. Mama akasikia yote, akaanza kumgombeza bintiye Kigogo kitupu, nisielewe neno. Nikamuuliza kwa nini asiende hospitali ya misheni wakamfanyie operesheni. Akasema kisu hakitagusa jicho lake angali hai.

"Basi nitamng'oa mimi," nikasema. Mdomo, jamani!

Binti akanikazia macho. "Hujui, Mwalimu."

"Nifundishe."

Akanipa kibano. Toka siku ile, kila alfajiri kabla ya maandazi, nilikuwa mwanafunzi. Alisimama nyuma yangu: "Usivute kwa pembeni, itakatika. Mkono unatetemeka, pumzika. Rudia." Hakunisifu mpaka wiki ya pili ipite, na sifa yenyewe ilikuwa, "Leo afadhali." Nilijivunia neno lile kuliko cheti changu cha ualimu. Alipoona mama amefumbua macho siku tatu mfululizo kwa mkono wangu, akaniambia, bila kunitazama, kwamba atafanya mtihani vizuri.

Akafaulu. Kijiji kizima kilikuja shuleni, ngoma na vigelegele, na mimi nililia mbele ya mwalimu mkuu bila aibu. Wanawake wa kijiji, ambao mwaka mzima walinisengenya kwamba Mrangi huyu wa Kondoa ana kelele, waliniletea mlenda mkavu, uwele na kuku mmoja mkorofi kama mimi.

Na mama mtu? Aliuvumilia mkono wangu mpaka matokeo yakatoka. Asubuhi moja akakichukua kibano mkononi mwangu. "Mwalimu, Mungu akubariki. Lakini una mkono mzito. Bora hicho kisu." Tulicheka mpaka mumewe akatoka ndani. Tukampandisha punda mpaka hospitali ya Mvumi, nikamshika mkono mpaka mlango wa chumba cha operesheni. Walipomfungua bandeji, yeye aliyekuwa akiniona kwa ukungu wa machozi tu, alinitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe ni kabinti! Na kelele zote zile!"

Siku ya safari tulisimama wanne barabarani na sanduku la bati. Basi lilipofunga breki, mama akaanza kububujikwa. Binti akatua sanduku chini, akamwinamia kama alivyozoea, akamwinua kidevu, akaushika ukope kwa kidole autazame.

Mama akautoa mkono wa bintiye usoni pake.

"Acha," akasema. "Haya ni machozi tu. Panda gari."