Mikono ya Kulishia Keki

Nianze na harufu, maana ndiyo iliyoniponza. Dagaa wa Murangi, kijijini kwetu kando ya ziwa, nimewaanika tangu nikiwa msichana: unawamwaga mchangani, unawageuza kwa mikono, jua linawakausha, na harufu yao inahamia kwako. Inakera. Inaingia kwenye kucha, kwenye nywele, mpaka kwenye chai unayokunywa. Kila Jumamosi jioni sisi wanawake wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia dagaa, tulijisugua kwa ajili ya kanisa: sabuni ya unga, limau, majivu, na waya wa kusugulia sufuria. Tuliona fahari kumaliza tukiwa na mikono myekundu.

Miaka ilivyosogea, mikono yangu ikaoza. Sina neno la adabu zaidi. Ngozi ilipasuka, ikatoa maji, ikakauka, ikapasuka tena. Kanisani, wakati wa kupeana amani, jirani yangu alininyooshea ncha za vidole huku akimtazama mchungaji. Mimi mwenyewe niliionea kinyaa. Hata ugali nilikula kwa kijiko.

Binti yangu pekee anauza kwenye duka la dawa Bunda. Alipochumbiwa na kijana wa Butiama tukapanga send-off, sherehe ya kumuaga, Musoma mjini, na siku hiyo, mbele ya wakwe, angenilisha keki nami ningemlisha. Alikuja nyumbani, akaiangalia mikono yangu, kisha akaangalia pembeni.

"Mama, unajisuguaga kama sufuria ya makande," alisema. "Acha kabisa. Paka hii."

Ilikuwa krimu isiyonukia chochote. Akanieleza kwamba juu ya ngozi wanaishi wadudu wasioonekana, wengine walinzi, na mimi nimekuwa nikiwafyeka. Ndani ya krimu kuna sukari iliyotolewa kwenye mzizi wa mmea, nayo ni chakula cha hao walinzi. Wakishiba, wale wabaya wanakosa nafasi, ngozi inashika unyevu, muwasho unapungua.

Nikaisukuma mbali ile krimu. "Yaani nifuge wadudu mikononi, halafu niwapikie?"

"Unawafugaga siku zote, mama. Ila unawanyimaga chakula."

Nilipaka nimekunja uso. Waya nikautupa, nikawa nanawa kwa sabuni laini tu. Kila nilipopaka nilihisi wanatafuna. Upuuzi, lakini nilihisi. Taratibu muwasho ukatulia, nyufa zikafunga. Mchana mmoja nikajikuta nimemega tonge la ugali kwa vidole kabla sijakumbuka kijiko, nikacheka peke yangu jikoni. Harufu haikwenda popote, maana dagaa nilikuwa bado naanika.

Ukumbini Musoma, kabla ya keki, binti yangu alinivuta kando akanipa glavu nyeupe za kitambaa.

"Mbona imepona," nilimwambia, nikamwonyesha viganja.

"Naona, mama. Ni harufu tu. Wakwe wataisikia."

Nilichefukwa kuliko siku zote, na safari hii mikono yangu haikuhusika. Mikono hiyo hiyo, kwa dagaa hao hao, ndiyo iliyomsomesha mpaka akajua habari za walinzi. Glavu nikaziacha juu ya meza ya zawadi, nikaenda mbele, nikashika kipande cha keki kwa vidole vitupu. Wakwe wakapiga vigelegele. Binti yangu akafungua kinywa, akatabasamu kwa ajili ya kamera. Wengine hawakuona kitu. Mimi nilikuwa karibu naye mno: alikuwa amebana pumzi.