Siku Alipokufa Mwalimu wa Baba

Juzi, katika duka la mitumba katikati ya Johannesburg, muuzaji Mkongo alinifungulia kinanda cha mvukuto. "Ya Wahindi hii, kaka," alisema. Harufu ya kafuri na mbao kuukuu ikanirudisha sebuleni kwetu, Tanga.

Baba alikuwa mpiga kinanda wa taarabu. Nyimbo zake nyingi alizijenga juu ya muziki wa Mbengali mmoja, mtunzi wa mashariki mwa India, aliyeanza kutungia filamu za lugha ya kwao kabla ya kuhamia zile za Kihindi, Bombay. Hawakuwahi kuonana, lakini baba alimwita "mwalimu wangu".

Mchana mmoja jirani yetu, bibi wa Kihindi, aliingia bila kupiga hodi.

"Mwanangu, mwalimu wako amefariki. Redio imetangaza. Wanasema mwishoni hakuna aliyempa filamu hata moja ya kutungia."

Baba aliketi taratibu. Kikundi chake nacho kilikuwa kimeshanunua kinanda cha umeme na kumpata kijana wa kukipiga. Wenzake hawakuwa wamemwita kupiga tangu Idi.

Alikivuta kinanda chake, akaanza wimbo wa yule marehemu ambao yeye baba aliupenda kuliko zote. Mama aliacha kukuna nazi. Bibi aliimba kwa sauti ndogo, machozi yakimtoka. Katikati, vidole vya baba vikasimama.

"Mwisho wake umenitoka," alisema.

Bibi naye alitikisa kichwa. Baba akanigeukia mimi.

"Wewe umeusikia tangu uchanga wako. Unaishaje, mwanangu?"

Sikujua. Alinisubiri, mkono juu ya mvukuto, mpaka pumzi yote ya kinanda ikaisha.