Nyota Juu ya Faili

Karani wa ofisi ya viwanja hapa Changamwe alichora nyota juu ya faili moja la haraka. Wenye maombi wengine wakaiona, wakamsihi. Naye ana haya, akawachorea wote.

Juzi bwana mkubwa aliita kutoka chumbani, "Nileteeni lile lenye nyota!" Tarishi akabeba rundo lililomfika kidevuni.

Kabla hajaingia, mama mmoja wa buibui akasogea dirishani. "Mwanangu, langu lina nyota?"

"Linayo, mama. Niliitia mwenyewe."

"Basi nifutie, Mungu akubariki."

Karani akalichomoa, akafuta kwa raba, akalirudisha.

Mara tukasikia chumbani, "Na hili je, limesahauliwa? Mwiteni mwenyewe!"

Mama alipoingia, sisi wenye maombi wengine tulikuwa tushapanga foleni ya raba.