Rafu ya M

Usiku ule nililala na vumbi la vitabu puani, nyundo chini ya kitanda, na hasira. Ngoja nianze na hasira, maana ndoto yenyewe bila hiyo haieleweki.

Dada yangu Fatuma, Mungu amrehemu, alikuwa bibi shamba huku kwetu Muheza. Alizunguka vijijini na mabuti yake ya mpira akifundisha watu matuta na mbolea, na kila alikopita alirudi na kitabu: cha michungwa, cha mboga, cha maua, vingine vijarida tu vilivyoliwa na mende pembeni. Alipofariki vikabaki kwangu, chumba cha uani, ndani ya viroba. Majirani walikuwa bado wanakuja. Wanachokonoa viroba, hawakioni wanachokitaka, wanaondoka.

Ndipo binti yake Rehema, anayeishi Dodoma, akapiga simu.

"Mjomba, shikamoo. Nakuja kesho kumaliza habari ya vitabu vya mama. Nikivikuta vimepangika, vibaki hapo, watu wasome. Nikivikuta kwenye viroba, nampa muuza karanga afungie karanga zake. Siwezi kuona kazi ya mama inaliwa na mchwa."

Hakusema kwa ubaya. Sauti ilimkatika mwishoni, akajifanya mtandao unasumbua.

Basi nikapanga. Mimi shule niliachia darasa la pili, na mwalimu wetu alikuwa anasinzia kuliko sisi, hiyo habari nyingine. Lakini herufi nazijua, naziimba. Nikasema nitapanga kama wenye shule, A mpaka Z. Nikagonga mbao ukutani, nikaandika herufi kwa mkaa. Sasa wewe nitajie mti usioanza na M. Mchungwa, mlimau, mnazi, mpapai, mgomba, mkarafuu. Hata mchicha, ambao si mti, nao umejipenyeza humo. Rafu nyingine zikakaa tupu kama meza za mgahawa mchana wa Ramadhani. Na kitunguu je? Kikiwa kimoja ni K, vikiwa viwili vinahamia V. Nilikipeleka kitabu kile V, nikakirudisha K, mpaka mke wangu akaniuliza kama nakibembeleza kilale.

Magharibi rafu ya M ikang'oka yote. Puu! Chini.

"Baba Hadija," mke wangu akasema mlangoni, anajizuia kucheka na hawezi, "umesahau msumari. Nao M."

Nikalala bila kula. Hapana, nisiseme uongo, nilikula. Alikuwa amepika bada la muhogo kwa samaki, na hasira yangu haijawahi kufika huko.

Ndotoni nilikuwa palepale uani, ila chumba hakikuwa na paa. Dada Fatuma alikuwa ameinama, kanga kiunoni, penseli kaichomeka kwenye msuko kama zamani, mabuti yana udongo mbichi. Sikuogopa. Najua amekufa, naye anajua kwamba najua, na hatulitaji. Viroba vimefunguka. Vitabu vimepandwa chini kwenye matuta, migongo juu, kurasa zina umande, na nikitega sikio nasikia zinapumua.

"Dada," nikamwambia, "nianzie herufi gani?"

Haniangalii. Anang'oa kitabu, anakikung'uta udongo, anakirudisha ardhini. Halafu tupo jikoni kwa mama yetu, sisi wadogo, moshi unatuwasha macho, na mimi bado nimeshika nyundo yangu ya uzeeni. Mama haonekani, ila mkono wake unaosukuma kuni. Halafu ni matuta tena.

"Mtu akibisha hodi," Dada anasema, "anakutajia herufi?"

Nawaona kwenye uzio, watu wake wote, wamesimama kimya kama wanaosubiri zamu. Mmoja anatazama mawingu. Mmoja kashika mche uliounguzwa na jua. Hakuna aliyekuja na herufi.

Anatembea, namfuata. Kila tuta lina hali yake ya hewa. Hapa kiangazi, vumbi linanipanda miguuni. Mbele kidogo masika yanamwagika mpaka mabuti yake yanazama. Mbele tena ni kipupwe, natetemeka na shati langu jepesi. Tuta la mwisho lina mvua ya vuli, nyembamba, udongo unanukia. Hapo anasimama na kunitazama, uso wake ule wa kazini.

"Vipange kama watu wanavyokuja, mdogo wangu."

Ananipa kitabu. Nakipokea kwa mikono miwili, kizito kama ndoo ya maji. Nikaamka nimekumbatia mto, na juu ya bati mvua ya vuli inanyesha kweli.

"Ulikuwa unaongea na nani?" mke wangu akauliza gizani.

"Na wifi yako."

"Anasemaje?"

"Anasema M tuifute."

"Mimi je, si niliicheka jioni?" akasema, akaanza kutafuta kandambili zake.

Tukafuta herufi zote kwa kitambaa kibichi. Tukaandika kiangazi, masika, kipupwe, vuli. Kila kitabu kikakaa kwenye majira ambayo mtu angekuja kukiulizia. Kitunguu hakikunisumbua tena: kiwe kimoja, viwe gunia, chake ni kipupwe.

Rehema alifika na begi lake, akasimama katikati ya chumba, anatazama rafu. Hata maji hajanywa, nyuma yake tukasikia hodi. Mama Chausiku, jirani yetu, kajifunika nailoni kichwani, mkononi ana jani la mnyanya lenye madoa meusi.

"Kaka, mvua imeanza juzi tu, hebu ona."

Nikanyoosha mkono rafu ya vuli, nikatoa kitabu cha mboga, nikampa Rehema kwa sababu miwani yangu ina ufa. Akafunua, akapata picha ya jani kama lile, akasoma kwa sauti: ng'oa majani yenye madoa, yachome mbali na bustani. Wallahi, sauti ilikuwa ya Fatuma. Mama Chausiku naye aliisikia, maana aliitikia, "Ndiyo, Bibi Shamba," kisha akaziba mdomo.

Rehema akafunga kitabu. Akakirudisha mahali pake, akapitisha kiganja kwenye mbao.

"Mjomba, hii ya masika imepinda. Nyundo iko wapi?"