Gramu Mia Tisa

Katika kituo kile cha utafiti, jina la Mama Mizani lilikuwa halali yake. Miaka kumi na mmoja alikuwa akipima mkate, mayai, mtindi na ndizi kabla ya kupelekwa mezani, kisha akapima makombo sahani ziliporudi. Ukimwambia kijiko kimoja cha mtindi si kitu, jiandae kusimama hapo nusu saa ukifundishwa adabu.

Watafiti walitaka kujua kwa nini mtu mwenye njaa aogope chakula mpaka akaribie kufa, huku mwingine ameshiba na ubongo bado unamwambia ale. Basi waliojitolea walilala kituoni wiki mbili. Walikula hapo, wakapimwa uzito wakiwa wameipa mizani mgongo wasione tarakimu, kisha wakaingizwa kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo huku wakionyeshwa vyakula. Mashine ile ni sumaku kubwa isiyozimwa. Chuma kikiingia chumbani mle hurukia mashine, na hakijali nani yuko njiani. Ndiyo maana kila mtu alibadili nguo zote, na Mama Mizani akampitishia kipima chuma mwilini kabla ya kutia sahihi.

Kila mtu, isipokuwa binti mmoja asubuhi ile. Alikuwa na miaka ishirini, amebaki mifupa na macho, na mama yake mzazi alishautangazia mtaa mzima kwamba anakataa kula kwa maringo tu. Pale kituoni ndipo alipoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba anaumwa. Alilia kwa furaha siku ile, maskini. Sasa alikuwa akitetemeka kwa baridi, na akaomba abaki na suruali yake nzito chini ya gauni la kituo. Mama Mizani aliona haya hata kumpitishia kile kifaa kwenye mbavu zile. Akampima uzito, akatia sahihi, akampeleka. Wema hauozi, wanasema. Wa Mama Mizani ulikuwa umeanza kunuka.

Alirudi jikoni kujaza daftari, na kalamu ikasimama. Tangu wiki iliyopita binti ameongezeka gramu mia tisa. Lakini sahani zake zote zilikuwa zikirudi karibu zimejaa.

"Mtoto ananenepa kwa hewa?" alijiuliza, akacheka peke yake. Kisha akaitupa kalamu. Ile suruali! Kitambaa kitupu hakifiki uzito ule; ndani kuna kitu.

Alikimbia. Magoti ya miaka hamsini na sita yalilalamika, asiyasikilize. Fundi wa mashine alimnyooshea mkono kwenye ujia.

"Mama, hapa hapakimbiwi."

"Yuko wapi?"

"Ndiyo anaingia."

Binti alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, na mtafiti mkuu, ambaye wote walimwita Daktari, ameshashika kitasa cha mlango wa ndani.

"Daktari, usifungue! Ana chuma mwilini!"

Daktari aligeuka taratibu. "Umemkagua mwenyewe. Sahihi yako hii hapa."

Mama Mizani angeweza kusema binti amekificha chuma baadaye, na nani angembishia? Aliogopa kupoteza kazi, aliogopa sana. Akamtazama binti pale kitandani.

"Sikumkagua," akasema. "Nimetia sahihi ya uongo."

"Sina kitu!" binti alipiga kelele. "Anasingizia huyo!"

Fundi alichukua kipima chuma. Kililia kwenye pindo la kulia la suruali. Kililia kwenye pindo la kushoto, kikalia tena kiunoni. Walipofumua nyuzi, vikatoka vipande vya chuma, vile vinavyoshonewa chini ya mapazia yasipeperuke. Fundi alivipanga mezani kimoja kimoja.

Binti akapimwa upya. Daktari aliisoma tarakimu mara moja tu, akaita gari la wagonjwa.

"Umenimaliza, mama," binti alilia. "Uzito ukishuka mnanitoa kwenye utafiti. Nitarudi nyumbani nikaambiwe naringa."

"Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu. Na leo mimi nilikuwa nakusaidia kuyaficha."

Daktari alikichukua kipima chuma mezani, akamgeukia Mama Mizani. "Kuanzia leo hupimi mtu," akasema, wala hakukosea. Kisha akampigia simu mama wa binti, akaiweka kwenye spika.

"Hospitali ya nini?" sauti ilisema. "Huyo mwambieni aache maringo, ale!"

Binti alifumba macho. Mama Mizani aliinyakua simu mkononi mwa Daktari bila ruhusa.

"Dada, nisikilize. Mimi ndiye ninayepima sahani za mwanao. Nimemwona akikikazia macho kipande cha mkate saa nzima, machozi yanamtoka, mkono hauinuki. Si kwamba hataki. Hawezi. Na uzito alionao leo, moyo wake unaweza kusimama wakati wowote."

Upande wa pili kiti kilisikika kikiburutwa.

"Nimletee chakula gani?" mama aliuliza hatimaye, sauti imepungua.

"Njoo mikono mitupu. Njoo ukae naye."

Binti alifumbua macho. "Amesemaje?" akauliza, kana kwamba hakusikia kila neno.

"Anakuja," alisema Mama Mizani, akamfunika blanketi.